Kitu cha bure kikinyang'anywa, nani ana haki ya kulalamika?

Leo mahindi nayaweka pembeni. Najua wapo wanaopita hapa kutafuta bei ya gunia tu, lakini mwandishi naye ni binadamu, akiandika mahindi wiki nne mfululizo anaanza kuota punje. Leo nataka kuzungumzia kompyuta. Nataka kuzungumzia siku chache za Oktoba 2021 ambapo kampuni ya Microsoft iling'oa kitu kimoja kwenye chombo chake cha watengeneza programu, watengeneza programu wakaja juu dunia nzima, na kampuni ikakirudisha. Sikumbuki kuisoma habari hiyo kwenye gazeti lolote la Kiswahili. Nadhani ilionekana ni ya wataalamu wenyewe kwa wenyewe. Mimi naona ni habari yetu kabisa, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwa wasioijua Kibaigwa: ukitoka Dar kwenda Dodoma, ukishaiacha Gairo na kupita Pandambili, unakutana na mji ambao pande zote za barabara ni malori, magunia na vumbi. Hapo ndipo penyewe, wilaya ya Kongwa, penye soko la nafaka ambalo wanunuzi hulifuata kutoka mikoani na hata nje ya nchi. Ukiwaambia watu wa mjini kwamba huku kuna kijana anayeandika programu za kompyuta, watacheka. Jamani, yupo. Nimekaa naye sana, na ndiye aliyenifungua macho kuhusu habari hii. Jina lake silitaji, kwa sababu ambazo utaziona huko mbele.

Kijana huyu alimaliza chuo kama mimi, akasubiri ajira, akachoka kusubiri, akarudi nyumbani. Ana kompyuta mpakato ya mtumba aliyoinunua Kariakoo. Inatumia Linux, kwa sababu Windows za siku hizi zinailemea. Anaandika kwa lugha iitwayo C#, juu ya jukwaa linaloitwa .NET, ambalo wenyewe hulitamka "doti neti". Jukwaa hilo ni la Microsoft. Hapo wazee wa programu huria lazima washtuke. Microsoft na Linux wanakula sahani moja tangu lini?

Ni swali zuri. Mwaka 2001 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft wakati huo, aliliambia gazeti la Chicago Sun-Times kwamba Linux ni saratani. Ndiyo, saratani. Miaka 13 baadaye, Novemba 2014, kampuni ikiwa chini ya Satya Nadella, ilitangaza kwamba inauweka wazi msimbo wa .NET na kuufanya ukimbie kwenye Linux na Mac pia. Leseni waliyotumia ni ile ya MIT, leseni fupi kuliko risiti ya gesti: chukua, tumia, badilisha, uza ukipenda, bakiza tu jina la mwenye kazi. Mwaka 2018 Microsoft ikainunua GitHub kwa dola bilioni 7.5, na GitHub ndilo ghala ambamo watengeneza programu huria wengi duniani wanahifadhi kazi zao. Watu waliokuwa wakisema hawa jamaa hawaaminiki wakaanza kulegea. Wengine wakaanza kuchangia kazi zao kwenye .NET bila kulipwa hata senti.

Sasa tuje kwenye kilichong'olewa. Kinaitwa Hot Reload.

Mtu anayetengeneza programu kwa C# hubadilisha mstari mmoja, labda rangi ya kitufe au kanuni ya kujumlisha kilo. Kisha anaizima programu, anasubiri kompyuta iutafsiri upya msimbo kwa lugha ya mashine, anaiwasha, anaingiza neno la siri, anarudi kwenye ukurasa aliokuwepo, ndipo anaona kama alichobadilisha kimekubali. Hakijakubali? Anaanza upya. Sasa fikiria mashine ya kusaga. Mama wa kwanza kaleta mahindi ya dona, anayefuata anataka unga laini, inabidi uzime injini, ubadili chekeche, uwashe tena. Hot Reload ni kubadili chekeche injini ikiwa inanguruma. Unaandika mstari, unahifadhi, na programu ambayo tayari inakimbia inayapokea mabadiliko hapo hapo bila kumwaga ilichokuwa imeshika.

"Kaka, kwa mwenye kompyuta kali hiyo ni anasa," aliniambia siku moja tukiwa tunakunywa chai. "Mimi kuzima na kuwasha ni nusu dakika. Kwa siku nafanya hivyo mara mia. Wewe piga hesabu."

Nikapiga. Mara mia kwa nusu dakika ni dakika 50. Karibu saa nzima inaliwa na kusubiri, na betri inaliwa pamoja nayo. Kwa mtu ambaye umeme ukikatika amebakiwa na saa mbili za betri, dakika 50 si mchezo.

Kulikuwa na milango miwili ya kuipata Hot Reload. Mlango wa kwanza ni Visual Studio, programu kubwa ya Microsoft ya kuandikia programu. Hiyo inahitaji Windows. Ina toleo la bure kwa mtu binafsi na vikundi vidogo, na matoleo ya kulipia kwa makampuni. Mlango wa pili ni amri unayoiandika mwenyewe kwenye dirisha la amri, dotnet watch. Hiyo ni bure, haijali kama uko Linux, Mac au Windows, na haijali unaandikia kwa programu gani. Mwaka 2021, wakati .NET 6 ikiandaliwa, Hot Reload ilikuwa kwenye milango yote miwili katika matoleo ya majaribio. Tarehe 12 Oktoba likatoka toleo la mwisho la majaribio kabla ya lile rasmi, na Microsoft yenyewe iliruhusu litumike kwenye kazi halisi. Watu wakaanza kupanga kazi zao kwa kulitegemea.

Siku nane baadaye, Jumatano tarehe 20 Oktoba 2021, likaja tangazo: katika .NET 6 rasmi, Hot Reload itapatikana kwa mlango wa Visual Studio 2022 tu. Watu walipokwenda GitHub kuangalia, wakakuta msimbo wa mlango wa pili umefutwa, mistari kama 2,500. Toleo rasmi lilikuwa litoke tarehe 8 Novemba. Yaani zilibaki wiki tatu pungufu.

Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba muda ni mfupi, na kampuni imeamua kuelekeza nguvu pale ambapo watumiaji wengi zaidi watanufaika. Lakini kitu chenyewe kilikuwa kimeshaandikwa, na watu walikuwa wanakitumia. Tovuti ya The Verge, ikinukuu vyanzo vyake ndani ya kampuni, iliripoti kwamba uamuzi ulitoka kwa Julia Liuson, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha watengeneza programu wakati huo, na kwamba ulikuwa uamuzi wa kibiashara. Mwezi huo huo tayari kulikuwa na mgogoro mwingine kwenye .NET Foundation, taasisi iliyoundwa kuilea .NET kama mradi huria, hadi mkurugenzi mtendaji wake akaachia ngazi. Kwa hiyo kuni zilikuwa kavu, kilichosubiriwa ni kiberiti tu.

Moto ukawaka. Phil Haack, aliyewahi kufanya kazi Microsoft na baadaye GitHub, akafungua ombi rasmi la kurudisha yale yaliyofutwa. Mamia ya watu wakaliunga mkono. Jumamosi ya tarehe 23 Oktoba, Scott Hunter, mmoja wa wakurugenzi waliokuwa wakiisimamia .NET wakati huo, akatoa tamko la kuomba radhi. Alieleza kwamba nia ilikuwa kuuacha msimbo bila kuuwasha, lakini katika utekelezaji ukafutwa kwa bahati mbaya, na kwamba wameshakubali urudishwe. Tarehe 8 Novemba .NET 6 ikatoka, dotnet watch ikiwa na Hot Reload yake. Ipo hadi leo.

Hizo ndizo siku tatu nilizotaka kuwasimulia. Sasa tuzungumze.

Jambo la kwanza ambalo mtu mwenye akili timamu atauliza ni hili: kitu ni cha bure, unalalamika nini? Mimi mwenyewe nilimuuliza yule kijana hivyo hivyo. Huku kwetu mtu akikupa kuku hukagui mdomo wake. Microsoft inawalipa wahandisi mishahara, inalipia mitambo, inalipia kila kitu. Kama leo imeamua kwamba kipande fulani kitakuwa kwa wateja wa Visual Studio, wewe wa Kibaigwa ambaye hujalipa hata shilingi unapata wapi ujasiri wa kugomba?

Naomba msiidharau hoja hii. Ina nguvu. Nimeona watu wakiwatukana watengeneza programu huria kama vile wamewaajiri. Mtu mmoja anakaa usiku, anatengeneza kitu, anakigawa bure, kisha akiondoa kitufe kimoja anaamka na matusi. Hilo si sawa hata kidogo. Kutengeneza programu si kazi ya siku moja, ni kuitunza miaka. Kila kipengele unachokiacha ndani ni mdomo mmoja wa kulisha. Anayetunza ana haki ya kusema hiki siwezi tena.

Yule kijana alinijibu kwa mfano wa mahindi, kwa kuwa ndiyo lugha ninayoielewa.

"Kaka, unakumbuka mwaka 2017?"

Nakumbuka, nani huku hakumbuki? Juni 2017 Rais Magufuli alipiga marufuku kupeleka mahindi nje ya nchi, akataka wanaouza nje wauze unga. Sina nia ya kuanzisha siasa hapa, na wapo waliouona uamuzi ule ni wa busara, kwani serikali ina wajibu wa kuhakikisha nchi haifi njaa. Lakini muulize mkulima wa Kongwa kilichomuuma. Wengi hawatakwambia kwamba serikali haina haki ya kufunga mpaka. Watakwambia kwamba walikuwa wameshalima, wameshapalilia na wengine wameshavuna. Kama tangazo lingekuja Novemba kabla ya mvua, mwingine angelima alizeti, mwingine angepunguza ekari. Lilikuja mahindi yakiwa yameshakauka.

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema. "Hawakukataa kutupa. Walitupa, wakatuambia tumieni hata kwenye kazi, tukapanda, wakaja kung'oa wiki tatu kabla ya mavuno. Na walichong'oa kwetu wakakiacha kwenye shamba lao la kuuza."

Hapo akanimaliza. Na kuna kitu kingine ambacho hoja ya "ni bure" inakisahau. Katika programu huria kitu hakitolewi na upande mmoja tu. Wapo watu wa nje wanaoripoti kasoro, wanaosahihisha, wanaoandika maelezo, wanaowafundisha wenzao usiku wa manane. Ni kama msaragambo wa kuchimba mtaro wa maji. Mwenye trekta ni mmoja, na trekta yake imefanya kazi kubwa kuliko majembe yetu yote, hatubishi. Lakini na sisi tulitoa jasho. Huwezi mtaro ukikamilika ukasema maji yatafunguliwa kwa wenye nyumba za bati tu, eti kwa sababu trekta ni yako.

Sasa nawapeleka nyuma kidogo, maana wilaya hii ina uzoefu na maamuzi yanayofanyika mbali. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Ulipangwa London. Mpango wa awali ulikuwa ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Walileta matrekta, wakaleta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Wagogo ambao wamekaa na ardhi hii na mvua yake ya kubahatisha vizazi kwa vizazi hawakuwa sehemu ya mpango. Udongo ukawa mgumu kama saruji, mvua ikagoma, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuachia mradi, paundi milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji.

Naitaja habari hii kwa sababu moja. Mradi ule ulipoondoka, wenyeji walibaki na nini mkononi cha kuendelezea? Mitambo ilikuwa ya wenyewe, mipango ilikuwa ya wenyewe, hata uamuzi wa kuondoka ulikuwa wa wenyewe. Hapo ndipo programu huria inapotofautiana na kila kitu kingine tunachopewa. Mwenyewe akiondoka, mbegu inabaki.

Wakulima watanielewa haraka. Kuna mbegu chotara na kuna mbegu ya asili. Chotara inazaa sana, lakini ukivuna huwezi kuihifadhi upande tena mwakani ukapata mavuno yale yale, lazima urudi dukani. Ya asili unaichagua mwenyewe, unaining'iniza juu ya meko au unaiweka kwenye kihenge, na msimu ujao unapanda bila kumwomba mtu ruhusa. Programu iliyofungwa ni chotara. Programu huria ni mbegu iliyo kwenye kihenge chako. Hot Reload ilifutwa, ndiyo, lakini historia yote ya msimbo ilikuwa GitHub na kwenye kompyuta za watu wengi, na leseni ya MIT ilimruhusu yeyote kuipanda tena. Ndiyo maana Phil Haack aliweza kuleta ombi la kuirudisha kwa kuugeuza tu ufutaji wenyewe. Hakuwa na haja ya kuiandika upya. Nadhani Microsoft nao walilijua hilo. Kama wangekaza shingo, mtu angechukua mbegu akaenda kulima upande wa pili wa barabara.

Na imetokea mara nyingi. Watu wa Mlimani watakumbuka kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye kuzungumza Kiswahili. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, iliyokuwa mlezi wa OpenOffice, na watu wakaanza kuwa na wasiwasi. Septemba mwaka huo huo wengi wa waliokuwa wakiijenga wakachukua msimbo, wakaondoka nao, ikazaliwa LibreOffice, ambayo ndiyo wengi wetu tunaitumia leo. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp ilibadili leseni ya chombo chake cha Terraform, na haikuchukua muda watu wakaichukua mbegu ya zamani na kuanzisha OpenTofu. Somo ni lile lile.

Kwetu hili si jambo la mbali. Takwimu za hospitali zetu zinapita kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuieneza hapa nchini. Kuwa na mbegu peke yake hakutoshi, lazima awepo anayejua kupanda. Taifa linalotumia programu huria bila kuwa na vijana wanaoweza kuufungua msimbo na kuusoma ni sawa na mtu mwenye kihenge kilichojaa na asiye na jembe.

Sasa nifike pale nilipowaahidi, kwa nini simtaji huyu kijana.

Programu yake ni ndogo. Inawasaidia wanunuzi wanaozunguka vijijini: mkulima analeta mahindi, yanapimwa, kilo zinaandikwa, risiti inatoka. Aliitoa bure, msimbo wazi, kila mtu achukue. Ilipendwa. Na kipengele kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha makato. Mahindi yakiwa na unyevu au uchafu, mnunuzi hukata kilo kadhaa kwa kila gunia, huo ni utaratibu unaojulikana. Programu iliweza kuyakata makato hayo yenyewe, na palikuwa na mahali pa kuchagua yaonekane kwenye risiti ya mkulima au yasionekane. Wanunuzi wake wote walichagua yasionekane. Mkulima aliona kilo za mwisho tu. Gunia la kilo 100 likawa 97, na mama wa watu anaondoka akidhani mizani ya nyumbani ndiyo mbovu.

Siku moja aliikuta risiti hiyo mkononi mwa mjomba wake mwenyewe. Wiki ile ile akakiondoa kipengele cha kuficha. Katika toleo jipya, kilo zilizopimwa, makato na sababu ya makato vyote vinachapishwa. Wanunuzi wakaja juu. Mmoja alimpigia simu akamwambia, "Dogo, umetuvurugia kazi." Wakaacha kumwita kuwawekea mitambo, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpa hela ya kula.

Nilimuuliza, "Sasa mdogo wangu, wewe na Microsoft mna tofauti gani? Na wewe umeondoa kitu kilichopendwa bila kumuuliza mtu."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Waliokipenda hawakuwa wanaolipa gharama yake."

Nimelifikiria jibu hilo kwa siku nyingi. Nadhani amegusa penyewe, ingawa si lote. Kitu kupendwa hakukifanyi kuwa na haki ya kubaki. Cha kuuliza ni kinapoondoka nani anabeba mzigo, na kilipokuwepo nani alikuwa akiubeba. Hot Reload ilipong'olewa, mzigo uliwaangukia wenye kompyuta dhaifu na wasiokuwa na Windows, na nafuu ikaenda kwa mwenye duka. Uficho wa makato ulipoondolewa, mzigo ulirudi kwa mnunuzi, na mkulima, ambaye hata hajui kuna kitu kinaitwa programu, ndiye aliyepata nafuu. Vitendo vyote viwili kwa nje ni kufuta mistari ya msimbo. Kwa ndani ni mbingu na ardhi.

Lakini nilimwambia pia asichopenda kusikia. Hata kwa jambo la haki, angewaita wanunuzi wake, akawaambia mwezi mmoja kabla: naondoa hiki, na sababu ni hii. Mtu anayeambiwa ukweli mapema anaweza kukasirika, lakini hawezi kusema ametapeliwa. Naye akanijibu kwamba akiwaambia mwezi mmoja kabla, huo ni mwezi mmoja zaidi wa mjomba wake kupoteza kilo tatu kwa kila gunia. Hapo mimi nikanyamaza. Bado sijapata jibu, na sitajifanya ninalo.

Na kuna jingine linalomnyima usingizi. Ile leseni yake huria haichagui nani mwema nani mbaya. Mbegu aliyoisambaza imeshaingia kwenye vihenge vya watu. Mpwa wa mnunuzi mmoja anajua kompyuta kidogo. Amelichukua toleo la zamani, lile lenye kuficha, na anaendelea kuwawekea wengine. Kisheria hana kosa kwa mwenye programu, maana aliambiwa chukua, tumia, badilisha. Uhuru ule ule uliowawezesha watu kuidai Hot Reload kutoka kwa kampuni tajiri ndio uliomwezesha mpwa huyu kuendelea kumkata mkulima gizani. Kijana wetu hawezi kulifuta toleo lile, kama vile Microsoft wasivyoweza kuifuta .NET kutoka kwenye kompyuta za watu.

Nilimuuliza kama anajuta kuiweka wazi. Akasema hapana. Akasema kama ingekuwa imefungwa, mimi nisingejua makato yalikuwa yanafichwaje, maana nisingeweza kuonyeshwa mstari wenyewe. Ni kweli. Alinionyesha, mstari mmoja mfupi, hata mimi niliyesoma uandishi wa habari niliuelewa. Sasa hivi anazunguka na karatasi aliyoichapisha, yenye picha ya risiti mbili, ya zamani na mpya, akiwaonyesha wakulima: ukipewa hii, uliza kilo zako ziko wapi. Ameshapita vijiji vitatu kwa bodaboda na nauli anajilipia.

Nawaachia ninyi wasomaji, hasa mnaoandika programu huko Dar, Nairobi na ughaibuni. Ungekuwa wewe, ungewaambia wanunuzi kwanza, au ungekifuta usiku ule ule?